Aliyetoka gerezani, nani anajua mlango wake?

Kila mara Waziri wa Sheria anapotia saini orodha ya wafungwa wa kuachiliwa, redio za hapa Congo zinatangaza hesabu. Septemba 2024, majuma machache baada ya vifo vya gereza kuu la Makala mjini Kinshasa, hesabu iliyotangazwa ilikuwa watu 1,685, wakiwemo wagonjwa wengi. Msikilizaji anasikia namba, kisha matangazo yanahamia kwenye mpira na bei ya dola. Kesho yake mtu yuko barabarani na karatasi mkononi. Mke wake labda alishahama. Shefu wa avenue hajaambiwa kitu. Mama aliyepigwa naye anakutana naye sokoni uso kwa uso, na hapo ndipo anapojua kwamba ametoka.

Mambo hayakupaswa kwenda hivyo, maana sheria ya Congo haimwachilii mtu kama mtu anayefungua mlango wa kuku. Sheria ya adhabu, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, inasema katika kipengele cha 35 kwamba aliyehukumiwa anaweza kuachiliwa kwa masharti akishamaliza robo ya kifungo chake, mradi awe amekaa ndani zaidi ya miezi mitatu. Wa kifungo cha maisha anaweza kuachiliwa akishapita miaka mitano. Waziri ndiye anayeamuru, baada ya kupata maoni ya parke na ya mkubwa wa gereza. Anayevunja masharti yaliyoandikwa kwenye karatasi yake, au anayeonyesha mwenendo mbaya, anaweza kurudishwa ndani.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, hata kati ya wale wanaoishika karatasi hiyo mkononi. Uhuru hauwi kamili siku ya kutoka. Unakuwa kamili ukishapita muda ulio mara mbili ya kifungo kilichokuwa kimebaki. Hesabu yake ni hii: mtu alihukumiwa miaka minne, akatoka baada ya mmoja, ikabaki mitatu. Basi kwa miaka sita anaishi chini ya masharti. Kwa miaka hiyo sita inabidi kuwe na mtu fulani, mwenye jina na ofisi, anayejua huyu analala wapi, anafanya kazi gani, na kama ameanza tena kunywa na wale wale aliofungwa nao. Mtaani mtu huyo hayupo. Yupo mwenye muhuri wa kutoa, na yupo polisi wa kukamata tena. Katikati yao pako wazi.

Milango mingine miwili ya kutoka ina upungufu ule ule. Kwa anayesubiri hukumu kuna uhuru wa muda, ule watu wa parke wanaouita liberte provizwari. Sheria ya mwenendo wa kesi za adhabu, ya mwaka 1959, inaruhusu hakimu kumpa mtu uhuru huo na kumwekea masharti: akae katika mji fulani, asitoke nje ya eneo fulani bila ruhusa, asiende mahali fulani, ajionyeshe mbele ya hakimu kwa siku zilizopangwa. Na kwa aliyehukumiwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, ambaye hajawahi kufungwa, tribinali inaweza kusimamisha hukumu kwa muda usiozidi miaka mitano, ndiyo sursi. Kwenye karatasi masharti yote haya yanapendeza. Ila hakimu hana moto ya kwenda kuona kama huyo mtu bado anakaa Katindo au alishavuka kwenda Minova.

Kwa Kiingereza, kuachiliwa kwa namna hii kunaitwa kwa neno la Kifaransa, parole. Mkongomani analielewa haraka kuliko Mmarekani mwenyewe: ni neno la mtu, ni ahadi ya mdomo. Anayetoka anatoa neno lake. Kwa hiyo lazima awepo wa kulipokea.

Hapo ndipo suala la staji linapoingia, ingawa kwa kawaida halizungumzwi pamoja na mambo ya magereza. Wanafunzi wa sheria wa Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie wanapelekwa staji kwenye parke na kwenye tribinali. Wanabeba dosye, wanaandika maneno ya watuhumiwa, wanajifunza muhuri upi unapigwa wapi. Wale wa maendeleo na wa mambo ya jamii wanakwenda kwenye mashirika, wanahesabu watu siku ya kugawa chakula. Chuo kikuu cha Lubumbashi kina hata shule ya kriminolojia. Lakini staji ya kumfuata mtu aliyetoka gerezani, kumtembelea kwake, kuandika ripoti na kuipeleka kwa hakimu, karibu hakuna mahali pa kuifanyia, kwa sababu kazi yenyewe haipo. Mwanafunzi hawezi kujifunza useremala mahali pasipo na mbao.

Kenya mbao zipo. Kazi ya probesheni ilianza huko wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1940, na leo ni idara ya serikali yenye maafisa wanaofanya kazi na mahakama. Mtu anaweza kuwekwa chini ya uangalizi badala ya kufungwa, kwa muda wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitatu. Tangu sheria ya mwaka 1998 anaweza pia kupewa kazi ya jamii bila malipo: kufagia hospitali, kupanda miti, kujenga ukuta wa shule. Uganda nayo ina sheria yake ya kazi za jamii tangu mwaka 2000. Hizi si nchi tajiri za ng'ambo. Ni majirani, watu wanaoongea Kiswahili au wanaokisikia, na kuna Wakongomani wengi wanaoishi kwao kama wakimbizi.

Mwanafunzi anayepelekwa staji katika ofisi kama hizo anafikiri atajifunza sheria, na jambo la kwanza analojifunza ni kutembea. Kabla hakimu hajaamua, afisa anatakiwa kumletea ripoti juu ya mtu: amezaliwa wapi, analala kwa nani, nani atamlisha, anajua kazi gani ya mikono, chifu anasema nini, majirani wanasema nini, aliyekosewa anasema nini. Ripoti hiyo haiandikwi ukikaa ofisini. Lazima ufike, ukae kwenye kigoda, uone kama nyumba ina mlango wa pili, kama baba ndiye mlevi kuliko mtoto, kama huyo mjomba aliyetajwa kama mdhamini ni mjomba kweli au ni mtu aliyelipwa bia mbili. Karatasi nzuri inaweza kuvunjika mbele ya uani mmoja tu.

La pili ni gumu zaidi, na wanafunzi wengi hulikwepa. Afisa wa uangalizi anavaa kofia mbili. Ni msaidizi: anatafuta kazi kwa huyo mtu, anamsemea kwa familia iliyomkataa, anamkumbusha tarehe. Na ni jicho la tribinali: sharti likivunjwa, lazima aandike. Kijana wa staji akipendwa na mtu anayemfuata, atasikia siri siku moja. "Mdogo wangu, nikuambie kitu, lakini kibaki kwetu." Kijana ambaye hajafundishwa atakubali haraka, kwa heshima na kwa furaha ya kuaminiwa. Baada ya dakika tano atakuwa anajua kwamba huyo kaka anarudi usiku kwa mwanamke aliyekatazwa kumkaribia. Sasa atafanya nini? Akinyamaza, mwanamke yule yuko hatarini. Akisema, amevunja ahadi. Anayefundisha vizuri anamwambia mwanafunzi mapema, kabla ya ziara ya kwanza: usiahidi siri. Mwambie mtu tangu siku ya kwanza lipi litabaki kati yenu na lipi litafika kwa hakimu. Watu wanaelewa. Hata waliotoka gerezani wanaelewa, pengine kuliko wengine, maana ndani walizoea sheria zinazosemwa waziwazi na walichoka na zile zisizosemwa.

La tatu ni la masharti yenyewe. Mtu akipewa masharti kumi na mawili, atavunja matatu juma la kwanza bila nia mbaya. Akipewa manne anayoweza kuyabeba, yanafuatika. Kumwambia mchuuzi wa Birere asionekane sokoni ni kumwambia asile. Kumwambia mwendesha moto ajionyeshe ofisini kila siku saa nne asubuhi ni kumnyang'anya wateja, kisha kushangaa akiiba. Anayeandika sharti inafaa ajiulize kwanza huyu mtu atalitimiza kwa miguu gani na kwa pesa gani.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya wazungu. Historia inawapa haki nusu. Kazi ya probesheni inahesabiwa kuwa ilianza Marekani, lakini aliyeianza hakuwa hakimu wala serikali. Alikuwa fundi viatu wa Boston, John Augustus. Mwaka 1841 alikuwa tribinalini alipoletwa mlevi mmoja. Aliongea na yule mtu, akaona bado anaweza kubadilika, akamwomba hakimu amwachie kwa dhamana yake. Baada ya majuma matatu alimrudisha mbele ya hakimu, safi na bila pombe, na hakimu akamtoza senti moja na gharama za kesi. Mpaka anakufa mwaka 1859, fundi viatu huyo alikuwa ameshadhamini watu karibu 2,000. Hakuwachukua wote waliomwomba. Aliuliza kwanza kila mmoja ana umri gani, tabia yake ikoje, na akitoka atakuwa katikati ya watu gani. Sheria ya probesheni ya jimbo la Massachusetts ilikuja mwaka 1878, karibu miaka 20 baada ya kifo chake. Mtu wa mtaa alitangulia, serikali ikafuata.

Na hapa Kivu mtu wa mtaa ametangulia zamani, ila hakuna anayemhesabu. Katika magereza ya Congo chakula cha serikali hakitoshi, kila mtu anajua. Mfungwa anaishi kwa sababu mama, dada au mke anakuja mlangoni na sahani iliyofungwa kitambaa. Huyo anayeleta chakula anajua mengi kuliko dosye. Anajua nani ameugua, nani amebadilika, nani anatumwa na wakubwa wa ndani kudai pesa kwa wengine. Kama mwanafunzi wa staji angepewa swali moja tu la kumwuliza kila mfungwa anayekaribia kutoka, lifae hili: nani alikuwa anakuletea chakula? Jibu linaonyesha mlango atakaoupiga hodi. Na yule anayejibu "hakuna" ndiye wa kufuatwa kwa makini kuliko wote, kwa sababu anatoka kwenda kwa hakuna.

Mambo haya yamekuwa mazito zaidi kwa sababu ya yaliyotokea. Beni, Oktoba 2020, gereza la Kangbayi lilishambuliwa na wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoka. Butembo, Agosti 2022, zaidi ya 800 wakatoka Kakwangura. Tarehe 27 Januari 2025, vita vilipoingia Goma, maelfu wakatoka Munzenze. Wanawake wengi waliokuwa katika sehemu yao ya gereza walibakwa, na wengi walikufa ndani ya moto. Februari ikawa zamu ya Bukavu. Aliyekimbia hana masharti wala karatasi, kwa hiyo si sawa na aliyeachiliwa. Ila kwa jirani anayewaona wakipita ni wale wale. Ndani ya kundi lile alikuwemo aliyehukumiwa kwa kubaka na kuua, na alikuwemo kijana aliyekaa miezi mingi bila kufikishwa mbele ya hakimu kwa sababu ya mbuzi au deni la dola 50. Wengi waliojaa katika magereza haya hawajahukumiwa. Makala ilijengwa kwa watu 1,500 na ilifikia karibu mara kumi ya hao. Nje ya ukuta hakuna anayeweza kusema yupi ni yupi, basi watu wanawaogopa wote, na hofu hiyo imeshawaua wengine kwa mawe na matairi.

Familia zilizohama zimebeba sehemu kubwa ya hofu hiyo. Katika kambi, hema linapakana na hema, mlango ni kitambaa. Mwanamke hawezi kufunga. Akisikia kwamba yule mtu ametoka, ataenda wapi? Ndiyo maana uangalizi wa aliyetoka ungeanza kwa aliyekosewa. Kabla mtu hajaachiliwa, mwathiriwa aambiwe. Aambiwe na mtu, faraghani, kwa lugha anayoielewa, na aulizwe anaogopa nini na angependa sharti gani liandikwe. Hii haihitaji bajeti ya Kinshasa. Inahitaji simu moja na mtu mwenye adabu. Mahali ambapo jambo hili halifanyiki, habari inamfikia mwathiriwa kwa njia ya kisima, na ikifika kwa njia hiyo inakuja na vitisho.

Kwa upande mwingine, yule anayetoka anaweza kuwa mhamaji naye. Hapa masharti ya sheria yanakuwa kama nguo ya mtu mwingine. "Ukae katika mji fulani." Mtu wa Masisi aliyefungwa Goma, familia yake ikiwa Bulengo au Lushagala, alikuwa na anwani ya hema. Februari 2025 kambi hizo zilibomolewa, watu wakaambiwa warudi makwao. Wengine walirudi Sake na Kitshanga wakakuta nyumba hazina bati, wengine walisukumana kwa ndugu Goma, wengine walivuka mpaka. Huyo mtu amevunja sharti, au sharti limemvunja yeye? Hakimu akisoma kwenye dosye kwamba hayupo mahali alipoandikwa, ataona mtoro. Mtu wa staji ambaye angefika mara moja kwa mwezi angeandika sentensi mbili: kambi imebomolewa, yuko kwa shangazi yake Ndosho, namba ya simu hii hapa. Sentensi mbili hizo zingemwokoa na kifungo cha pili.

Wengine watasema shefu wa avenue na wa nyumba kumi wanatosha. Ni kweli wanajua watu wao, na bila wao hakuna uangalizi wowote utakaosimama. Ila kumpa shefu orodha ya majina ya waliotoka ni hatari. Orodha inazunguka. Jioni vijana wanaisoma, usiku nyumba inachomwa. Wanafunzi wa staji hufundishwa kutembelea mtu bila kumtangaza, na hapa kwetu somo hilo lina sura yake: usifike na jile ya shirika, usishuke kwenye jeepu mbele ya watoto hamsini, usiulize jirani "yule mfungwa anakaa wapi?" Fika kwa miguu, uliza nyumba kwa jina la mama. Shefu aambiwe kwa mdomo, juu ya mtu mmoja mmoja, na tu pale inapobidi.

Kuna hatari nyingine ambayo wapenzi wa mageuzi hawapendi kuisema. Hapa Congo kila muhuri mpya unazaa bei mpya. Mtu anayejionyesha mbele ya ofisi kila mwezi anaweza kuombwa pesa ya kalamu, pesa ya karatasi, kisha pesa ya kutoandikwa vibaya. Familia zinaijua njia hiyo tangu kachoti ya kwanza. Kama kazi ya uangalizi itaundwa kwa kofia, muhuri na mtu asiyelipwa mshahara, itakuwa kizuizi kingine barabarani, na maskini ndiye atakayelipa. Afadhali isiwepo kuliko kuwepo hivyo. Kwa sababu hiyo wazo la kuunda kwanza idara kubwa, yenye mkurugenzi na magari, lina mashaka. Kuna mahali padogo pa kuanzia ambapo sheria imeshafungua mlango.

Mahali hapo ni tribinali ya watoto. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema mtoto aliye chini ya miaka 14 hawezi kubebeshwa kosa la jinai. Kwa walio juu ya hapo, hakimu wa watoto ana njia nyingine zaidi ya kumfungia mtoto: kumkaripia na kumrudisha kwa wazazi, au kumkabidhi kwa mtu au familia ya tabia njema. Na sheria hiyo inamtaja msaidizi wa jamii, asista sosyali, kuwa karibu na hakimu na mtoto. Huyo ndiye afisa wa probesheni wa Congo, hata kama haitwi hivyo. Yupo tayari kwenye sheria. Anachokosa ni watu, usafiri, na vijana wa kufundishwa chini yake. Mwanafunzi wa staji akiwekwa kwake miezi mitatu, na watoto watano wa kufuata, si hamsini, angejifunza yote yaliyosemwa juu ya fundi viatu na ya Nairobi.

Tena Kivu haianzii sifuri. Kwa zaidi ya miaka 20 familia za hapa zimepokea watoto waliotoka katika makundi ya silaha, zile familia za kupokea kwa muda, mpaka ndugu wapatikane. Mama aliyewahi kukaa na mtoto aliyebeba silaha anajua vitu ambavyo havimo katika vitabu vya chuo: kwamba usiku wa kwanza halali, kwamba usimwulize alichofanya, kwamba ukimtuma dukani na pesa akarudi na chenji, kitu kimeanza. Anajua pia wakati wa kwenda kumwambia msimamizi kwamba mambo yanaharibika. Akina mama hawa waitwe wawafundishe wanafunzi, na walipwe kwa siku hizo kama wanavyolipwa maprofesa wanaokuja kwa semina hotelini. Wakati huu mafunzo kama hayo hutolewa na mgeni mwenye projekta, na akina mama wanaitwa tu kupika.

Swali la pesa litakuja, nalo ni la haki. Serikali isiyoweza kulisha magereza itamlipaje mtu wa kutembelea nyumba? Lakini anayefuatwa nje anakula kwake, analipa kodi ya nyumba yake, anauza mkaa wake. Ziara moja kwa mwezi ni bei ya moto kwenda na kurudi. Kumweka ndani kunakula nafasi ya sakafu ambayo haipo, na kunaleta magonjwa yanayotoka nje pamoja na wageni wa Jumapili. Aliyeiba kuku akafungwa mwaka mzima kati ya watu wa bunduki, anajifunza kwao. Mapigano ya bei hapa hayana usawa hata kidogo.

Mpaka kazi hiyo ipatikane, kuna mambo ambayo familia zinaweza kufanya zenyewe, hasa zile zinazohama mara kwa mara. Ndugu akitoka kwa masharti, karatasi yake isomwe yote kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, na mtu anayejua Kifaransa, kabla haijakunjwa na kuwekwa mfukoni. Wengi wanarudishwa ndani kwa sharti ambalo hawakuwahi kulisikia. Itazamwe kama ameachiliwa kwa masharti au kwa uhuru wa muda, kwa sababu wa pili bado ana kesi na akiitwa lazima aende. Tarehe za kujionyesha ziandikwe mahali ambapo watoto wa shule wanaziona. Akilazimika kuhama, mtu mmoja wa familia aende kwanza kuarifu parke au tribinali iliyo karibu na inayofanya kazi, na aandike tarehe aliyofika na jina la aliyempokea. Kama ameombwa pesa, aandike na hiyo.

Na nakala ya karatasi hiyo, au hata picha yake kwenye simu, ikae kwa dada au shangazi anayeishi mahali pengine, kwa sababu hema huungua, na mvua ya Kivu hupenya mpaka ndani ya masanduku.